Bibi Kona Amenyamaza

Skrubu tatu alikuwa amezibana kwa midomo, na ya nne ilikuwa inagoma. Taratibu aliikandamiza bisibisi kwa kiganja, akazungusha, ikateleza. Akazungusha tena. Rasharasha ilimpenya kolani na kuteremka mgongoni, lakini hakutukana wala hakuharakisha. Jina hilo la Taratibu alipewa kazini, kwa sababu hata chai aliipuliza mpaka wenzake wameshaosha vikombe.

Skrubu ikaachia. Akaiweka midomoni pamoja na zile nyingine, akafungua kifuniko cha kisanduku. Ndani, taa ndogo ya kijani ilikuwa imezima.

"Bibi Kona," alinong'ona, skrubu zikigongana kwenye meno, "umelala saa hizi?"

Bibi Kona hakuwa mtu. Alikuwa kihisi: kisanduku cha plastiki juu ya nguzo ya chuma, chenye mkia wa waya uliozikwa ardhini ili kusikia udongo ukisogea. Mteremko mzima ulikuwa na vihisi vya namna hiyo, kuanzia nyuma ya nyumba za chini hadi karibu na kilele. Kilima kilikatwa ubavuni zamani ili barabara ipite, na tangu hapo hakikuwa na msimamo. Mvua ikizidi, kilijongea. Ndiyo sababu ofisi ya mji ilivipanda vile visanduku, na ndiyo sababu Taratibu, aliyeanza kwa kutengeneza redio za watu sebuleni kwa dada yake na kujifundisha mengine kwa kubomoa na kuunga, alipata kazi ya kuvitunza.

Hakuna kihisi kilichopaza sauti moja kwa moja mpaka ofisini, ng'ambo ya barabara. Kingeweza, lakini kingemaliza betri yake upesi, kama mtu anayeimba huku akikimbia. Kwa hiyo kila kimoja kilimnong'oneza jirani wa karibu, jirani akampasia mwenzake, mpaka habari ikafika chini. Kila kimoja kilijichagulia njia isiyokula betri nyingi. Na vyote vya juu, bila kushauriana, vilichagua kupitia kwa Bibi Kona, kwa sababu alisimama pale mteremko unapopinda, mahali peupe, akiwasikia wa juu na kusikika na wa chini. Wenzake walisinzia, wakaamka walipokuwa na la kusema. Yeye alikesha sikio wazi, maana hakujua nani angemwita. Na kukesha nako kunakula betri.

Taratibu aliipima ile betri ya zamani. Angeweza kuichomoa tu na kutia mpya, lakini hakuwa mtu wa kutupa kitu bila kukiuliza kimekufa na nini. Kipimo kikaonyesha karibu na sifuri. Akapima tena. Vilevile. Akatazama kibao cha kunasia jua juu ya nguzo: kilikuwa kimepakwa tope, na jua lenyewe halikuwa limeonekana tangu mvua zishike.

Betri haifi hivyo kwa asubuhi moja.

Hapo akayakumbuka maneno yake mwenyewe. Asubuhi alikuwa amepita kwa dada yake, katika safu ya nyumba zilizo chini kabisa ya mteremko, zimeupa mgongo. Mama yao alikuwa kwenye kiti chake karibu na dirisha la jikoni, akamuuliza swali lake la kila siku kuhusu kilima.

"Kimelala?"

"Kimelala, mama. Huko juu hakuna hata anayekohoa."

Na kweli hakuna aliyekohoa. Kwenye kompyuta ya ofisi, nusu yote ya juu ya kilima ilikuwa kimya, na kimya walikuwa wamekubaliana kukiita salama. Kihisi kiseme udongo ukisogea. Usiposogea kinyamaze, kisipoteze betri kwa salamu. Waliamua hivyo yeye na Mhandisi, mwenzake wa ofisini, wamekaa mezani, jua lilipoanza kuadimika. Sasa alisimama na kifuniko mkononi akijiuliza kama walionyamaza huko juu hawakuwa na la kusema, au walikuwa wakisema na hakuna wa kulipokea.

Akachomeka betri mpya.

Taa ya kijani ikapepesa. Ikapepesa tena. Kisha ikaanza kupepesa mfululizo, bila kupumua, kama jicho lililoingiwa na mdudu.

Simu ikalia mfukoni.

"Kaka Taratibu," Mhandisi alisema. Alikuwa binti mcheshi, mwepesi wa utani, lakini sauti hii haikuwa na utani ndani yake. "Umefanya nini huko?"

"Nimebadilisha betri ya Bibi Kona. Kwa nini?"

"Kilima kizima kinapiga kelele. Zinaingia tu, zinaingia, siwezi hata kuzisoma. Huyu amesogea, yule ameinama, huyu amesogea tena. Kinara ndiye kazidi, hanyamazi."

Kinara ndicho kilichokuwa kihisi cha juu kuliko vyote.

"Za saa ngapi?" Taratibu akauliza.

Upande wa pili kompyuta ilikuwa inalia mfululizo.

"Hizo habari, Mhandisi, ni za saa ngapi?"

"Za sasa hivi," alisema. Kisha, kwa sauti ya chini: "Zote ni za sasa hivi."

Wote wawili walikumbuka. Kila neno linalopita hewani linakula betri. Siku ile mezani waliuchukua ujumbe wa vihisi wakaupunguza neno kwa neno, kama suruali ya mtu mfupi, na kitu cha kwanza kukatwa kilikuwa saa. Ya nini kihisi kitaje saa, Taratibu ndiye aliyeuliza, wakati saa ipo ofisini? Ujumbe unafika kufumba na kufumbua. Saa ya kufika ndiyo saa ya kutokea. Mhandisi akacheka, akasema, "Hapo sina la kupinga," akaifuta. Ilikuwa hesabu nzuri, mradi njia iwe wazi. Ujumbe uliokwama njiani haukuwajia akilini. Sasa vihisi vya juu, vilivyoweka maneno yao tumboni vikimngoja Bibi Kona aamke, vilikuwa vinayatapika yote kwa pamoja, na hakuna aliyejua lipi ni la juma lililopita na lipi ni la dakika hii.

"Huenda kilisogea kidogo kidogo siku zile, kikatulia," Mhandisi alisema.

"Huenda."

"Na huenda kinakuja."

"Huenda."

"Kaka, usinijibu huenda! Nipige king'ora?"

Taratibu alifumba macho. King'ora kile kilikuwa kimelia mara moja tu, kwa ajili ya mbuzi. Mbuzi alikwenda kujikuna kwenye nguzo ya Kinara, akaitikisa, ofisi ikaamini mlima unashuka, na watu wa safu nzima wakatoka mbio kwenye tope. Mama yake aliteleza mlangoni akavunjika nyonga. Tangu siku hiyo hakutembea ila kwa kushikwa. Tangu siku hiyo, pia, watu walipokutana na Taratibu walimuuliza mbuzi hajambo. Yeye alicheka nao, lakini moyoni alijiapiza kwamba hatasema tena kinakuja mpaka akione kwa macho.

"Waulize," alisema. "Mmoja mmoja. Waulize wamekaaje sasa."

Akasikia vidole vya Mhandisi vikigonga kompyuta. Mahali fulani juu yake maji yalikuwa yakitiririka, ingawa upande ule hapakuwa na mfereji.

"Wanajibu. Huyu yupo. Huyu yupo, ameinama lakini yupo. Huyu naye yupo. Kinara..." Akangoja. "Kinara hajibu."

"Mwite tena."

"Nimemwita. Alikuwa anasema kuliko wote, kaka, sasa hivi tu. Kanyamaza katikati ya neno."

"Labda betri."

"Labda. Usipande."

Alizitema skrubu kiganjani, akazitia mfuko wa shati, akakiegesha kifuniko juu ya kisanduku bila kukifunga, akaanza kupanda, simu sikioni na bisibisi mkononi.

Njia ile aliijua kama ngazi za nyumbani, lakini leo haikumjua. Palipokuwa na jiwe la kukanyaga hapakuwa na kitu. Mguu ukazama mpaka kwenye goti, na ulipotoka, udongo ukaufuata kama uji. Aliujaribu kila mguu kabla ya kuuamini. Nguzo alizopita zilikuwa zimeinama zote upande mmoja, upande wa bondeni, kama watu wanaochungulia kisima. Hakutaka kuzitazama. Akatazama mbele ya viatu vyake tu, akahesabu pumzi, akapoteza hesabu. Kisha akasikia kitu kinachanika. Hakikuwa na kishindo. Kilichanika polepole, kwa uvumilivu, kama kitambaa kizito mikononi mwa mtu asiye na haraka, na sauti ilitoka chini ya nyasi.

"Nini hicho?" Mhandisi akauliza.

"Umekisikia?"

"Nimesikia umeacha kupumua."

Ufa ulikuwa hatua chache mbele yake. Haukuwa mpana, mtoto angeuvuka bila kuvua viatu. Lakini uliukata mteremko kutoka ubavu hadi ubavu, na yale maji aliyoyasikia yalikuwa yanaingia humo, yote, na hayakusikika yakifika popote. Ng'ambo yake nguzo ya Kinara ililala kifudifudi.

Miguu ilimwambia ageuke. Kila kiungo kilimwambia. Na bado kichwa chake, kwa mazoea ya miaka, kikauliza: wa lini? Ufa nao haukuandikwa saa. Ungeweza kuwa wa siku nyingi, umekwisha kushuka ulipotaka kushuka, umetulia. Akipiga king'ora bure, mama atatolewa nje kwenye mvua na nyonga ile, na safari ijayo, itakapokuwa kweli, hakuna atakayenyanyua hata kichwa.

Akapiga magoti kwenye tope. Akailaza bisibisi juu ya ufa, ncha ukingo wa huku, mpini ukingo wa kule, ikakaa kama daraja. Akaondoa mkono.

"Kaka, unafanya nini?"

"Nangoja."

"Unangoja nini, jamani? Shuka!"

Bisibisi haikusogea. Taratibu aliikazia macho mpaka yakaanza kumuuma. Aliwaza dirisha la jikoni, na kiti, na mama akichambua kitu mapajani bila kutazama nje kwa kuwa ameambiwa kimelala. Bisibisi haikusogea. Akaanza kuvuta pumzi ya nafuu, na kabla haijafika kifuani, ncha ikateleza, unene wa ukucha. Hakuna kilichoigusa. Akatamani awe ameona vibaya. Ikateleza tena. Kisha ncha ikaachia ukingo, bisibisi ikainama, ikatumbukia. Hakuisikia ikifika chini.

"Piga," alisema.

"Una uhakika?"

"Piga king'ora! Piga! Piga!"

Mhandisi alikuwa hajawahi kumsikia akipaza sauti. King'ora kililia kabla hajamaliza neno la tatu.

Alishuka kwa makalio zaidi kuliko kwa miguu. Penye kona alimkuta Bibi Kona kifuniko kimeanguka na mvua inamwingia mdomoni. Akiloa huyu, ofisi inakuwa kiziwi tena. Miguu haikutaka kusimama. Aliikumbatia nguzo ili aizuie. Akatia skrubu moja kwa vidole, akaikaza kwa ukucha mpaka ukucha ukapasuka. Nyingine hazikuwezekana. Akavua koti la mvua, akamvika nalo, akaifunga mikono ya koti kwa fundo, akaendelea kuporomoka.

Chini, king'ora kilikuwa kinalia na watu wamesimama milangoni. Wamesimama tu. Fundi cherehani, jirani wa dada yake, aliegemea fremu ya mlango wake, tepu ya kupimia shingoni, akitabasamu kama mtu aliyeletewa mchezo nyumbani.

"Mbuzi hajambo?" akaita. Wawili watatu wakacheka.

Taratibu alikuwa hana koti, tope limempanda mpaka kifuani, na hakusimama. Alimpita fundi cherehani kwa mbio, akateleza, akainuka, akaendelea.

Tabasamu la fundi lilikufa taratibu.

"We! Taratibu! Unakimbia?"

"Nakimbia!"

Fundi hakuuliza la pili. Aligeukia safu nzima, akatoa sauti ambayo hakuna aliyejua kuwa anayo. "Tokeni! Tokeni nyote, Taratibu anakimbia!"

King'ora hakikuwatoa, lakini neno hilo liliwatoa. Milango ikafunguka, watu wakamwagika na watoto kiunoni, na mmoja ameshika sufuria bila kujua kwa nini.

Dada yake alikuwa ameshainama mbele ya kiti, anajaribu kumvisha mama viatu, vidole vimemchanganyikia.

"Acha viatu," Taratibu alisema.

Mama akamtazama. Hakuwa na hofu usoni. Ilikuwa mbaya zaidi, alikuwa anangoja aelezwe.

"Asubuhi ulisema kimelala."

"Nilisema, mama. Nilisema nisichokijua. Twende."

"Na nyonga yangu?"

"Nitakubeba na kiti."

"Peke yako? Wewe huwezi hata kubeba ndoo bila kupumzika." Lakini mikono yake ilikuwa imeshika kiti kwa nguvu, na kucha zilikuwa nyeupe.

Fundi cherehani akaingia bila hodi, akashika miguu ya mbele ya kiti. Wakainua. Kiti kikagonga mlango, kikakwama, wakakigeuza.

"Niinueni vizuri," mama alisema. "Mimi si kabati."

"Kabati halisemi, mama," fundi alijibu huku anahema. "Ungekuwa kabati tungeshafika."

Dada akafuata na blanketi na mfuko wa dawa. Wakavuka barabara, maji yakiwafika vifundoni. Katikati fundi aligeuza shingo, akautazama mlango wake ulioachwa wazi na cherehani iliyobaki ndani na gauni la mtu chini ya sindano. Akaendelea kubeba.

Walikuwa wameshafika barazani pa ofisi sauti ile ilipokuja tena, ya kuchanika, safari hii ikasikika na wote. Ulimi wa udongo ukajitenga na mteremko, ukateremka. Haukukimbia. Ndicho kilichowatia watu baridi, kwamba haukukimbia. Ulikuja kama mtu anayejua nyumba anayokwenda. Ukaegemea ukuta wa nyuma wa safu. Dirisha la jikoni likaingia ndani, na pale kiti kilipokuwa kimesimama pakajaa udongo mpaka kizingitini. Kisha ukaacha. Juu yake kipande kilichobaki, kikubwa kuliko kilichoshuka, kilining'inia na ufa wake, ukionekana sasa hata kutoka barabarani.

Dada aliita majina ya safu nzima, mlango kwa mlango, na kila jina likaitikiwa. Alipomaliza akakaa chini palepale sakafuni, akalia.

Ofisi ilikuwa chumba kimoja na ubaraza. Watu walijipanga kando ya kuta, wakiwa na mablanketi na harufu ya nguo mbichi. Mhandisi alikuwa mbele ya kompyuta, nywele zimemsimama upande mmoja. Alimsogezea Taratibu kiti, na Taratibu akabaki amesimama.

"Bibi Kona?"

"Yupo. Ndiye pekee niliyenaye kutoka katikati kwenda juu. Amevaa nini? Ishara yake imefifia."

"Koti langu."

Mhandisi alitaka kucheka, akajikuta anafuta macho. "Nimeirudisha saa," alisema. "Na salamu. Kila aliyebaki aseme yupo, hata kama hana jipya."

"Itakula betri."

"Itakula."

"Acha iendelee kula," Taratibu alisema. "Na kesho tumtafutie msaidizi. Nguzo moja upande wa pili wa kona, wa juu wawe na njia mbili. Asibebe peke yake."

"Kesho kama panapandika."

Aligeuka akamwona mama anamtazama kutoka kwenye kiti chake. Alijua swali kabla halijatoka.

"Sasa kimelala?"

Watu wote waligeuka ili wasikie.

"Sijui, mama."

Mama akafikiri. Kisha akavuta blanketi upande mmoja, akaipigapiga kwa kiganja nafasi iliyobaki kwenye benchi kando ya kiti chake. "Kaa. Umeloa."

Akakaa. Alitoa skrubu mfukoni, akazitazama kiganjani, akakumbuka kwamba bisibisi iko tumboni mwa kilima. Fundi cherehani, aliyechuchumaa karibu, akaingiza mkono kwenye mfuko wa aproni, akatoa bisibisi fupi yenye mpini mwekundu uliolika, ile ya kukazia sindano.

"Hii tu ndiyo iliyotoka," alisema. "Mwenyewe, cherehani, kabaki ndani."

"Nitakurudishia kesho."

"Kesho ukirudi wewe, yatosha."

Kompyuta ikalia. Chumba kizima kikainua nyuso. Mtoto aliyekuwa analia akazibwa mdomo. Mhandisi akasogea karibu na kioo, akasoma saa kwanza, kwa sauti, kisha jina.

"Bibi Kona. Anasema yupo."

Watu wakashusha pumzi. Taratibu akajaribu ncha ya bisibisi kwenye kichwa cha skrubu moja. Ilikuwa ndogo kidogo, lakini ingeshika. Akaifunga pamoja na skrubu katika kitambaa, akakitia mfukoni, akageuza uso kuelekea kompyuta kama wengine wote, kungoja salamu nyingine.